Kumrudisha shabiki aliyechoshwa: mwongozo wa kuchangishia timu ya chuo inayosuasua

Msimu wa simu unapoanza, kamati yetu hukutana kwenye chumba kilicho chini ya jukwaa la uwanja. Kuna meza mbili, simu sita, na orodha ya watu waliokuwa wakichangia timu ya chuo kisha wakaacha. Chuo chenyewe kiko kusini mwa Marekani. Nilisoma hapo, nikapata kazi mji huohuo, na huu ni msimu wangu wa tano kupiga simu hizo. Nikisema futiboli hapa namaanisha ile ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, ambayo kwenye miji ya vyuo inajaza Jumamosi nzima ya mwezi wa tisa kama Simba na Yanga zinavyoijaza Dar es Salaam.

Watoto wa ndugu zetu wengi wanasoma kwenye vyuo hivi sasa. Wapo wanaocheza, na wazazi wao wameanza kuitwa kwenye kamati za kuchangisha. Wengine wetu ni wahitimu na tunaipenda timu kwa haki yetu wenyewe. Nimewaandikia hao.

Nitakachoeleza kinasimama juu ya jambo moja: shabiki aliyeacha kuchangia hadaiwi. Yeye ndiye anayedai. Ametoa fedha, ametoa vuli baada ya vuli, amekaa kwenye mvua timu ikifungwa, na alipouliza fedha imekwenda wapi alijibiwa kwa kaulimbiu ya msimu mpya. Ukimpigia kumwomba kabla hujamlipa anachodai, unamwongezea deni juu ya deni.

Na anachodai mara nyingi si ushindi. Timu ya Prairie View A&M ya Texas ilifungwa mechi 80 mfululizo, kuanzia 1989 hadi Septemba 1998 ilipoifunga Langston pointi 14 kwa 12. Mwaka 1990 haikuingia uwanjani kabisa. Hata hivyo timu haikufa, na mwaka 2009 ilitwaa ubingwa wa ligi yake. Kufungwa kunauma, lakini watu huvumilia kufungwa kwa miaka. Kufichwa mambo hawakuvumilii.

Hatua ya kwanza: andika madai yao kabla ya kushika simu

Chukua daftari uandike kila sababu uliyowahi kusikia ya mtu kuacha kuchangia. Usitafute majibu bado. Kwetu madai yaliangukia kwenye mafungu machache, na nadhani kwenu yatafanana.

Kuna hasira ya fidia za makocha. Texas A&M ilipomfukuza kocha wake, Jimbo Fisher, Novemba 2023, mkataba wake uliilazimu kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Hicho ni chuo tajiri, na timu yako ndogo haina uwezo hata wa kuota deni kama hilo. Lakini fundi wa mabomba aliyekuwa akikutumia dola 50 kila Agosti aliisoma habari ile, na tangu siku hiyo akisikia neno mchango anamwona kocha aliyefukuzwa akipokea hundi.

Kuna wanaolia kwa sababu ya watani wa jadi. Vyuo vimehama ligi kufuata fedha za televisheni, na mechi ambazo babu alimpeleka baba, na baba akampeleka mwana, zimekatika. Oklahoma na Oklahoma State walikutana Novemba 2023, kisha Oklahoma ikaenda ligi nyingine na mchezo ule wa zaidi ya miaka mia ukasimama. Shabiki anakuuliza: mmeniuzia utani wangu, sasa mnataka nini tena?

Kuna suala la wachezaji kuhama. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza papo hapo, bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani. Shabiki anamjua kijana msimu mmoja, anaanza kuvaa namba yake, msimu unaofuata kijana yuko kwingine. Na kuna malipo: tangu Julai 1, 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya jina na sura zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mimi binafsi naona ni haki yao. Wamejazia watu viwanja kwa miongo mingi wakiambulia ada ya masomo tu. Lakini kazi ya mchangishaji si kushinda mjadala huo kwenye simu.

Halafu kuna madai mazito kuliko yote, ambayo huwezi kuyasoma gazetini. Mama mmoja aliniambia alikuwa na viti viwili tangu ujana wake, yeye na mumewe. Mume akafa. Msimu uliofuata ofisi ya tiketi ikavihamishia viti hivyo kwenye eneo la wafadhili wakubwa, ikamtumia barua ya kawaida kumtaka achague vingine. Hakuna aliyempigia. Hakuna aliyempa pole. Yeye hakuacha kuchangia kwa sababu ya matokeo, na hata timu ingetwaa ubingwa asingerudi kwa ajili ya kombe. Madai ya namna hii yaandike kwa jina la mtu na tarehe, kwa sababu ndiyo yanayolipika.

Hatua ya pili: jua fedha inaingia mfuko gani

Hapa wachangishaji wengi huaibika, kwa hiyo fanya kazi hii kwa makini. Kwenye timu nyingi za leo kuna mifuko mitatu tofauti, na shabiki anadhani ni mmoja.

Wa kwanza ni mfuko wa michezo wa chuo, au taasisi inayousimamia kwa niaba ya chuo: ufadhili wa masomo, chakula, usafiri, vifaa, matabibu. Wa pili ni vikundi vya wafadhili vilivyoanzishwa nje ya chuo tangu 2021 ili kuwalipa wachezaji kwa matumizi ya majina yao. Wa tatu ni fedha ambazo chuo sasa kinawagawia wachezaji moja kwa moja.

Mtu akikuuliza dola mia yake itafanya nini, lazima uwe na jibu la mfuko gani na kazi gani. Nenda kwa mhasibu wa idara ya michezo uombe takwimu za mwaka uliopita kwa lugha ya kawaida: kiasi gani kilitoka kwa wachangiaji, kiasi gani kilitoka kwenye ada za wanafunzi, kiasi gani kililipa madeni ya zamani. Wakikataa kukupa, usipige simu hata moja. Nasema hivi kwa moyo wote. Huwezi kwenda kulipa deni la taarifa mikono mitupu, na jina utakaloliharibu ni lako, kwa sababu wewe ndiye unayekutana na watu hawa kanisani na kwenye duka la vyakula.

Hatua ya tatu: simu isiyoomba kitu

Gawa orodha yako. Walioacha mwaka mmoja au miwili iliyopita waanze. Wanaofuata ni walioacha kwa hasira na wakaandika barua. Hao wa barua wanaogopwa na ofisi, lakini ndio dhahabu: mtu aliyekaa akaandika kurasa mbili bado anaumia, na anayeumia hajaondoka. Waliopotea kimya kwa miaka kumi waache mwisho.

Piga kati ya Februari na Aprili, wakati hakuna matokeo ya mechi yanayowasha watu. Siku ya Jumanne au Jumatano jioni ni nzuri. Anayepiga awe mtu wa jukwaani, mhitimu au mchezaji wa zamani, si mkurugenzi wala mtu wa kukodiwa anayesoma karatasi. Mazungumzo yawe kama haya:

"Habari za jioni, bwana. Mimi ni mhitimu wa mwaka fulani, najitolea na timu. Leo sikuombi fedha, na simu hii haitaishia kwenye ombi. Nimeona ulikuwa nasi miaka kumi na mmoja halafu ukaacha. Ningependa kujua tulikukosea wapi."

Kisha nyamaza. Kimya cha sekunde nne ni kirefu kwenye simu, na kishawishi cha kukijaza ni kikubwa. Usikijaze.

Atakapoanza kusema, usimsahihishe hata akikosea tarehe. Usiseme "naelewa, lakini". Ile "lakini" inafuta kila kilichotangulia. Andika maneno yake kama alivyoyasema, msomee mwishoni, muulize kama umeandika sawa. Umwambie lini utarudi na jibu, na utaje siku. Kama ulisema hutaomba fedha, usiombe hata akiwa amelainika na wewe unaona kadi ya benki iko mkononi. Akitaka kutoa mwenyewe, mwambie asubiri apate jibu lake kwanza. Nimeshafanya hivyo mara tatu, na wote watatu walichangia baadaye zaidi ya walichotaka kutoa siku ile.

Hatua ya nne: lipa deni

Sasa una madai na una takwimu. Kwa kila mtu, andika barua ya ukurasa mmoja. Ianze na dai lake kwa maneno yake. Ifuate na kilichotokea kweli, pamoja na lile ambalo timu ilikosea. Iishe na kitakachobadilika, au ukweli kwamba hakitabadilika. "Mechi na watani wetu haitarudi kabla mkataba wa ligi haujaisha" ni jibu zuri kuliko "tunalifanyia kazi".

Yale yanayolipika yalipe kabla barua haijatoka. Yule mama wa viti viwili alipigiwa simu na mkuu wa tiketi mwenyewe, akaombwa radhi kwa jina, akarudishiwa safu yake ileile. Haikugharimu chochote isipokuwa mtu mzima kukiri kosa.

Wakati mwingine deni ni la chuo kizima kwa mji mzima, na hapo mfano bora ninaoujua ni wa Birmingham, Alabama. Desemba 2, 2014 rais wa UAB, yaani Chuo Kikuu cha Alabama cha mjini humo, Ray Watts, alitangaza kuifuta timu ya futiboli pamoja na michezo ya boling na ulengaji shabaha, akisema gharama hazibebeki. Timu ilikuwa imetoka kumaliza msimu kwa kushinda mechi sita na kufungwa sita, nafuu kubwa chini ya kocha Bill Clark. Wanafunzi, wahitimu na wafanyabiashara wa mji waliwaka. Hesabu zilizotumika kuifuta timu zikapingwa hadharani na kufanyiwa uchambuzi upya. Juni 1, 2015 rais huyohuyo akatangaza kuirudisha.

Angalia walichoombwa watu wa Birmingham. Hawakuambiwa "isaidieni timu". Waliwekewa pengo lenye namba: dola milioni 17.2 za uendeshaji kwa miaka mitano. Kila mwenye kuahidi alijua anaziba sehemu gani ya shimo la ukubwa gani. Timu ilikaa misimu miwili bila kucheza, ikirudi taratibu, na Septemba 2017 mechi yake ya kwanza kwenye uwanja wa Legion Field ilitazamwa na watu zaidi ya 45,000. Ilishinda mechi nane msimu huo, na 2018 ikawa bingwa wa ligi yake. Kikubwa kwangu hapo ni kwamba mji uliotendewa vile ulikubali kutoa fedha kwa sababu hesabu ziliwekwa mezani.

Hatua ya tano: omba

Ombi lije Agosti, mwezi mmoja hivi kabla ya mechi ya kwanza, na lije kutoka kwa mtu yuleyule aliyesikiliza. Taja kiasi. Watu wengi wanaona aibu kutaja kiasi, wanasema "chochote utakachojaliwa", na mwenzio anabaki kubahatisha. Sema: "Tunahitaji dola 14,000 za chakula cha jioni cha wachezaji katika wiki za mitihani. Tumefika 9,000. Nakuomba 120, ambayo ni kumi kila mwezi." Namba hizo weka zako mwenyewe, za kweli, ulizozipata kwa mhasibu.

Kiasi kiwe kidogo kuliko alichokuwa akitoa zamani. Mtu aliyerudi baada ya kuumizwa anapima kwanza, na dola kumi kwa mwezi zinampa njia ya kutoka ikiwa mtamkosea tena. Mwambie hivyo waziwazi: anaweza kusitisha mwezi wowote, na namna ya kusitisha ni hii.

Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi nyumbani anajua kuwa ahadi na taslimu ni vitabu viwili tofauti. Ndivyo ilivyo hapa. Usitangaze ahadi kama fedha iliyopokelewa. Mkiahidiwa 30,000 na mkononi mna 18,000, andikeni 18,000. Wachangiaji wakigundua tofauti hiyo wenyewe mtakuwa mmeanza upya kwenye hatua ya kwanza.

Maswali magumu yatakuja. Akisema, "Wachezaji sasa wanalipwa, kwa nini nitoe mimi?", mweleze mfuko: mchango wako unakwenda kwenye chakula na vitabu, hauendi kwenye malipo yao, na hii hapa karatasi. Kama unakwenda kwenye malipo yao, mwambie unakwenda huko na umwache aamue. Akisema, "Nitachangia mkianza kushinda", usibishane wala usiahidi ushindi. Wengi watakutajia Indiana, chuo kilichokuwa kikihesabiwa miongoni mwa waliofungwa zaidi katika historia ya mchezo, hadi kocha Curt Cignetti alipoajiriwa mwishoni mwa 2023 na msimu wa 2024 ukaleta ushindi wa mechi 11, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa pale kabla ya hapo. Ni habari ya kweli na inatia moyo, lakini wewe huna Cignetti mfukoni. Jibu ninalolitumia ni fupi: "Siwezi kukuahidi ushindi. Naweza kukuahidi kwamba Januari utajua kila dola ilikwenda wapi."

Akikwambia hapana, mshukuru na umuulize swali moja tu: akubali au asikubali kutumiwa taarifa ya mwaka bila ombi ndani yake. Wengi hukubali.

Risiti na kodi, kwa ufupi

Mchango wa dola 250 au zaidi lazima upate barua ya uthibitisho ikiwa mchangiaji anataka kuukata kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kama mchango unazidi dola 75 na mtu anapewa kitu, kwa mfano fulana au chakula, taasisi inapaswa kumwandikia thamani ya kitu hicho. Wazee watakukumbusha kwamba zamani asilimia 80 ya mchango uliompa mtu haki ya kununua kiti ilikatwa kwenye kipato kinachotozwa kodi; sheria iliyosainiwa Desemba 2017 iliondoa hilo, na wengine walipunguza mchango kwa sababu hiyo tu, kwa hiyo usiwadhanie hasira wasiyokuwa nayo. Vikundi vya kulipa wachezaji ni habari nyingine: mwaka 2023 mamlaka ya kodi ilionya kuwa vingi vyao havistahili hadhi ya taasisi ya hisani. Usimwambie mtu mchango wake huko unapunguza kodi mpaka umeuliza mtaalamu.

Kuanzia mwaka wa kodi 2026, hata asiyeorodhesha makato yake moja moja anaruhusiwa kukata michango ya fedha taslimu kwa taasisi za hisani zinazostahili, hadi dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja. Kwa mchangiaji mdogo hii ni habari njema na wengi hawaijui. Muulize pia kama mwajiri wake huongeza mchango sawa na wa mfanyakazi. Kampuni nyingi kubwa hufanya hivyo, na fomu yake huchukua dakika chache.

Hatua ya mwisho: Januari

Msimu ukiisha, hata kama umeisha vibaya, taarifa itoke kabla ya Januari 31. Ukurasa mmoja. Iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Kama fedha ya chakula ilihamishiwa kwenye basi lililoharibika, andika hivyo na aliyeamua ni nani. Weka picha moja ya kitu kilichonunuliwa, na barua fupi ya mchezaji aliyeiandika mwenyewe kwa mkono, na makosa yake ya tahajia yaachwe. Usiweke ombi ndani. Usiweke bahasha ya kurudishia fedha.

Msimu uliopita tulifungwa mechi tisa. Taarifa ilitoka Januari 20 kwa kila mtu kwenye orodha, pamoja na wale waliokataa. Yule mama wa viti viwili hakuwa ametoa chochote tangu tumrudishie safu yake, na hatukumwomba. Wiki ya pili ya Februari ilifika hundi yake ya dola 40, na kikaratasi kilichosema kiti cha pili apewe mwanafunzi yeyote aliyefiwa na mzazi, kila mechi ya nyumbani. Ofisi ya tiketi imeshatenga kiti hicho, na jina la mama huyo limo kwenye orodha yangu ya simu za mwezi huu, kwenye fungu la wasioombwa kitu.